Mbio Alizoziacha Lukumani

Hapa Kasongo, ukitaka filamu ya arusi au ya matanga, utaelekezwa kwa Chadia, mjane wa Lukumani, mwenye kibanda cha kompyuta karibu na soko. Mashine yake ni kuukuu, lakini mbio zake si za umri wake. Marehemu ndiye aliyeilazimisha. Aliingia kwenye mipangilio ya carte-mère, ule ubao unaobeba vyote, akaipandisha prosesa, ubongo wa mashine, hadi gigahezi 4,4, kupita kiwango ilichotoka nacho kiwandani. Miaka miwili tangu homa imchukue, Chadia hakuigusa namba hiyo. Aliiona kama kitu pekee cha mumewe kinachopumua bado. Mcheke ukitaka, mimi sicheki.

Basi akaja Mama Dieudonnée kutoka Lusangi. Mwanawe, Dady, alifukiwa na shimo la dhahabu huko Salamabila, na Jumapili ndiyo siku ya kutoa matanga. Alileta vipande vya video vilivyookotwa kwenye simu za rafiki za kijana, viunganishwe viwe filamu moja, ndugu wamwone na kumsikia kabla hawajatawanyika. Pikipiki yake ingeondoka Jumamosi saa sita mchana. Chadia alivinakili kwanza kwenye flash, akaanza kazi Ijumaa asubuhi.

Kompyuta ikaganda. Akaiwasha upya, ikaganda tena katikati ya filamu. Prosesa imechoka, na kwa mbio zile inadai umeme mwingi kuliko inaopewa.

Sasa sikia ujinga wetu sisi watu wa huku. Umeme wetu ni hafifu. Taa ikififia, mtu anakimbilia regulateur, kile kisanduku cha kurekebisha umeme, anakizungusha kitufe mpaka mwanga urudi. Chadia naye akafanya vilevile ndani ya mashine: volti ya prosesa ikatoka 1,20 ikaruka hadi 1,38 kwa mkupuo mmoja. Joto likapanda mpaka digrii 98, mashine ikajizima yenyewe. Alichomoa waya, akakaa kitako. Wallahi, ilibaki kidogo tu aiunguze.

Ilipopoa akarudi kwa adabu. Akaanza tena 1,20, akapanda sehemu moja ya mia kila mara: 1,21, kisha 1,22. Kila hatua aliipa mashine kazi nzito, akaangalia joto, akaandika. Volti ya memory, kumbukumbu ya mashine, hakuigusa, maana ukibadili viwili pamoja hujui kipi kimekuponya. Alipofika 1,27 bado iliganda, na joto lilikuwa 89. Kupanda tena ni kuichoma. Ilibaki njia moja tu, kupunguza mbio za Lukumani.

Hakuweza. Kidole kilisimama juu ya kibonye, machozi yakamlenga. Mama Dieudonnée, aliyekuwa amekaa benchini akingoja, hajui volti wala prosesa, lakini uso wa mfiwa anaujua. Aliuliza kuna nini, na Chadia akamweleza yote.

"Mama Soraya," alisema Mama Dieudonnée taratibu, akimwita Chadia kwa jina la binti yake, "bwana yako alifanya hii mashine ikimbie juu ya nini?"

"Juu ya watu. Hakupenda mutu angoje."

"Basi mimi niko hapa, nangoja."

Chadia akaishusha hadi 4,0, na volti akairudisha 1,22. Joto likatulia kwenye 71. Kazi ilikwenda polepole mchana kutwa, ikaendelea kesho yake, lakini haikuganda hata mara moja. Jumamosi saa nne asubuhi filamu ikamalizika. Dady akatokea kwenye skrini, mlangoni mwa kambi ya wachimbaji, matope mpaka magotini, anacheka, anamwambia aliyeshika simu amsalimie mama yake, amwambie yuko salama.

Mama Dieudonnée alilia, na Chadia akalia naye kwa sauti, mpaka wachuuzi wakaja kuchungulia. Walidhani anamlilia mtoto wa mwenziwe. Kumbe siku ile ndiyo alikuwa anamzika Lukumani.