Uzi wa Njano

Rafu yangu ya vitabu vya kuazimisha ilikuwa ndani ya duka la ushonaji, mtaa wa Batsinda, kati ya cherehani mbovu na kioo cha kujaribia nguo. Mwenye duka, fundi mwenyewe, mama wa Kiislamu ambaye Kiswahili chake kinanifanya nijisahihishe ninapoongea, alinipa kona hiyo bure kwa sharti moja: vitabu vyangu visimletee maneno dukani. Niliahidi. Niliahidi pia, bila kuulizwa, kwamba vyote nimevisoma hadi mwisho.

Vingi vilikuwa vya ujasusi. Familia moja ya Kimihurura ilikuwa inahama, na baba wa nyumba alipenda majasusi kuliko nilivyotarajia kwa mtu mpole vile. Nilipewa masanduku mawili: hadithi za kubuni, historia za vita, vya watoto vyenye picha.

Hakuna aliyenifundisha kazi ya maktaba. Nilijifunza kwenye simu namna ya kufunika majalada, mengine nikayabuni. Kila kitabu nilikifunga uzi: njano kwa miaka minane hadi kumi na moja, buluu hadi kumi na tano, nyekundu kwa waliobaki. Kipimo changu kilikuwa maiti. Kitabu kisicho na maiti kilipata njano. Maiti mmoja aliyefia mbali, buluu. Mateso, sumu, au mwanamke anayesubiri hotelini, nyekundu. Nilikuwa na daftari la maiti. Nililinakili upya mara tatu kwa sababu ya mwandiko.

Historia moja nene, ya manowari na barua za mafumbo wakati wa vita, ilikuwa na maiti wengi hata nikaacha kuhesabu. Nyekundu. Kitabu chembamba cha watoto wapelelezi kilikuwa na maiti sifuri na paka mmoja. Njano. Nilimpa msichana wa miaka tisa, jirani, anayemsubiri mama yake dukani kila siku baada ya shule. Alihamia nacho chini ya meza ya kukatia. Mwenye duka alisema hajawahi kuona mtoto mtulivu vile, nami niliandika sifa hiyo kwenye daftari.

Jumatano moja mteja alikuja kutoka Busanza kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake. Harusi ilikuwa Jumamosi.

“Kitenge yangu iko wapi, Mama?”

“Tayari, mwanangu. Vimebaki vifungo tu.”

Sauti ikatoka chini ya meza. “Oya, hapana. Haijakatwa.”

Msichana alijitokeza na daftari lake. Alisoma kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kusomea darasani. Natafsiri bila kuongeza. “Alhamisi: kitenge cha mama wa Busanza kiko kwenye mfuko mweusi. Ijumaa: kiko kwenye mfuko. Jumatatu: fundi amemwambia kwenye simu kwamba anashona mikono. Alikuwa anakula ndizi. Jumanne: kiko kwenye mfuko.”

Mteja akauvuta mfuko mweusi, akachungulia ndani.

“Ariko, lakini Mama! Vifungo vya nini? Vya mfuko?”

“Wallahi, Ijumaa asubuhi utalivaa.”

“Ijumaa ya mwezi gani?”

Akaketi kwenye benchi na kusema haondoki mpaka aone mkasi. Fundi akatandaza kitenge na kuanza kukata. Alizungumza nami bila kunitazama.

“Ulisema hicho kitabu chake ni cha watoto.”

“Hakina maiti, Mama.”

“Maiti nitakuwa mimi.”

Msichana akatueleza, kwa subira, kwamba ni zoezi la sura ya sita ya kitabu: chagua mahali, nyamaza, andika unachokiona, si unachoambiwa. Sikuwa na habari na sura ya sita. Niliishia ya tano. Kulikuwa na paka, nikaona inatosha.

Akafungua ukurasa mwingine. “Dada wa vitabu: anafuta vumbi kwenye rafu safi. Alimwambia fundi amesoma vyote. Vipande vya kitambaa anavyowekea alama alipoishia kusoma vimebaki katikati ya vitabu vinne.”

Nilianza kushusha vitabu kwenye rafu. Huwa najifukuza mwenyewe kabla sijafukuzwa. Naona ni adabu. Nilikuwa nimeshajaza nusu ya sanduku mkasi uliponyamaza.

“Ni kweli?” fundi aliuliza.

“Kweli, Mama. Vinne.”

“Na ulisema vyote.”

“Nilisema vyote.”

Alinitazama, kisha akautazama mfuko mweusi.

“Kumbe na wewe ni fundi,” alisema. “Rudisha vitabu. Huyu mtoto mpe kile kinene cha manowari. Batsinda hatuna manowari.”

“Kina maiti wengi sana.”

“Wako mbali. Hicho chembamba nipe mimi, niione hiyo sura ya sita.”

Nilifungua uzi mwekundu na kufunga wa njano. Fundo likakaa upande, nikaliacha hivyo. Msichana alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akarudi chini ya meza.

“Na hivyo vinne utavimaliza lini?” fundi aliuliza.

“Ijumaa.”

Mteja hakuondoa macho kwenye mkasi.

“Ijumaa ya mwezi gani?”