Maji ya Mvua Isiyotunyeshea

Nimeletewa habari kutoka Ruiru kwamba yule mama aliyeishi kando ya kijito, chini ya mashamba ya kahawa, amefariki. Nimehuzunika kuliko nilivyotarajia, maana hatukuwa ndugu wala majirani. Miaka ile ya hamsini nilivuka tu kijito chake kila asubuhi nikienda kibaruani. Kiangazi hata kuku angekivuka. Lakini mvua ikinyesha kwenye miinuko ya juu, huku kwetu jua likiwaka, maji yalitufikia baadaye, kwa ghafla, mekundu kwa udongo.

Wachumaji wa kahawa walikuwa na ishara yao. Kiwanda cha huko juu kilirundika maganda ya kahawa ukingoni, na maji yakipanda, maganda ndiyo yaliyotangulia kutufikia. Ukiyaona yanaelea, huvuki. Kisha mwaka mmoja shamba likaanza kuyatawanya chini ya mibuni yawe mbolea. Lilikuwa jambo jema, na hakuna aliyemfikiria mtu wa chini. Dada yake yule mama alitazama maji, hakuona ganda hata moja, akaingia na kikapu chake mgongoni. Walimpata mbali sana, karibu na daraja.

Tangu siku hiyo, ngurumo ikisikika kutoka juu, mama aliacha jembe lake akaja kusimama kivukoni.

"Ngoja kwanza! Hii maji inakuja."

"Ai, mama, mvua iko wapi? Si unaona jua?" mchumaji mmoja alimfokea nikiwapo. "Nyapara atanifuta mimi, si wewe!"

"Wacha akufute. Mimi sitaki kuzika mtu hapa tena."

Mara nyingi maji hayakuja, wakamwita kichaa. Yalipokuja, watu walizunguka kwenda darajani, na kufikia jioni walikuwa wamesahau. Nilimuuliza kama hachoki.

"Yule nimezuia hajui angekufa," akaniambia. "Sasa atanishukuru aje?" Akaanza kulia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mama yule alilikataa neno hilo kwa miguu yake mwenyewe, akisimama matopeni huku akitukanwa, na inaniuma kwamba amekwenda bila kusikia asante. Siku hizi mtu akinizuia njiani na kunichelewesha, kabla sijakasirika hujiuliza kwanza alimpoteza nani.