Yungiyungi Kwenye Ubao wa Mama

Mama alizikwa Nakuru, kabla mkataba wa amani wa Sudan haujatiwa saini. Majirani walileta mawaridi, tukayatupa kaburini moja moja, kisha udongo ukafuata. Niliporudi Juba, mji nilioondoka nikiwa mgongoni mwake, sikuwa na kitu chake ila picha moja ndogo, ile ya kitambulisho cha mkimbizi, amekaza macho kana kwamba mpiga picha amemtukana.

Mdogo wake Mama, niliyemwita mama mdogo, aliishi Juba, mtaa wa Munuki. Alitamani kumfanyia dada yake karama, sala na chakula cha kumuaga, lakini kaburi lilikuwa nchi nyingine. Familia nyingi zilizorudi miaka ile zilikuwa na shida hiyo hiyo, na njia ilikuwa imepatikana: picha ya marehemu ilipelekwa kwa fundi wa mabango, akaikuza juu ya plaiwudi na kuchora ua pembeni. Siku ya karama ubao uliwekwa kwenye kiti uani, na wageni wakausalimu kabla ya wenyeji.

Mama mdogo alikubali kwa sharti. "Nikiutazama nisimwone dada yangu, karama hakuna. Sitalilia mbao."

Fundi alikuwa Mganda, kibanda chake karibu na stendi ya boda boda. Nje walisimama wakikauka juani wanawake wa saluni, kuku wa kukaanga na marehemu wa watu.

"Dada, nataka ua gani?" aliniuliza. "Mimi iko na waridi, iko na alizeti, iko na ile ya Pasaka."

Nikamwambia waridi, na petali moja iwe imeanguka chini. Shuleni Kenya mwalimu wa sanaa alituonyesha kitabu cha michoro ya zamani ya Ulaya: maua kwenye jagi, mazuri mno, lakini ukisogea unaona jani limetobolewa na mdudu, na petali imelala mezani. Mchoraji anakuambia nawe utanyauka, alisema mwalimu. Tangu siku tuliyomzika Mama, petali ile ilikuwa haijanitoka kichwani.

"Ianguke?" Fundi alijikuna kidevu kwa mpini wa brashi. "Watu nasema mimi iko mchafu, namwaga rangi."

Lakini alichora. Siku ya kuutazama nilikwenda na mama mdogo. Alisimama mbele ya uso ule muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akashusha macho.

"Hiki nini?"

"Waridi, mama mdogo."

"Limeanguka."

"Ni ishara. Maana yake..."

"Najua amekufa," alinikatiza, kwa Kiarabu cha Juba, polepole nisikose neno. "Nani kakutuma unionyeshe? Na dada yangu alilijulia wapi ua hili?"

Fundi aliinama kuosha brashi ambayo ilikuwa safi. "Mimi nasema mapema," alinong'ona.

Mama mdogo akaketi juu ya kopo la rangi. Alisimulia mwaka wa njaa, walipokuwa wasichana kwao, kwenye mabwawa ya kaskazini. Mama aliingia majini hadi kifuani, akang'oa yungiyungi, akakausha mbegu zake na kuzisaga uji. Yeye, mdogo, aliketi ukingoni akiangalia kichwa cha dada yake kikielea kati ya maua. "Kikizama nilipiga kelele. Kikiibuka nilinyamaza. Huyo ndiye namtaka."

Nilimtafsiria fundi. Akauliza, "Sasa hiyo ya majini, imefunguka ama imefunga?"

"Limefumba," alisema mama mdogo. "Jua likiwa kali linafumba. Asubuhi linafumbuka tena. Halianguki chini kama la mtoto huyu."

Fundi akapaka buluu juu ya waridi, akalifumba. Wekundu haukufunikika wote, ua likatoka la zambarau. Petali yangu akaigeuza kiwimbi cha maji.

Siku ya karama wanawake wa kanisa walifika, wengine kutoka Gurei, pembezoni mwa mji, wakausalimu ubao mmoja mmoja. Mama mdogo alikuja mwisho. Aliugusa paji la uso, akamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, na akalia hadi wakamshika mabega. Nilisimama kando na sinia la chai. Yeye alikuwa amempata dada yake. Mimi msichana yule wa majini sikumjua, na Mama niliyemjua mimi alibaki Nakuru.

Ubao ukatundikwa sebuleni, ukitazama mlango. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilizoea kusimama hapo na kikombe. Jua lilitambaa sakafuni, likapanda ukutani, likalifikia ua.

Siku moja mama mdogo alipita na ufagio. "Unangoja nini hapo?"

"Singoji kitu."

"Kitu mafi," alinirudia, nusu kwa Kiarabu chake: hakuna kitu. Lakini naye akasimama, ufagio mkononi, tukatazama hadi jua lilipohama.