Uji Usiokimbia

Gwantwa hamgusi mtoto kwanza. Humwambia mlezi amlishe kama anavyomlisha nyumbani, kisha huketi na kutazama. Muuguzi huyu, mzaliwa wa Ileje, ana miaka kumi na minne katika kliniki moja ya Tunduma, akitazama watoto wakimeza, jambo ambalo sisi wengine tunalifanya maisha yote bila kuliona.

Asubuhi hiyo Fauzia, muuza vitenge, alimleta mwanawe Aziz wa miaka miwili, mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto alikuwa amelazwa mara tatu kwa nimonia. Daktari alishamwambia Fauzia wazi kwamba ya nne huenda mtoto asiivuke. Mama mkwe wake, Mwanaisha, ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto kila siku, na ndiye aliyebeba chupa ya uji.

Akamlaza mjukuu mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, akamnywesha. Uji ulikuwa mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Gwantwa akaweka sikio shingoni mwa mtoto. Aziz hakukohoa. Macho yake yalilengwa na machozi tu, na pumzi ikaanza kutokota.

"Unaona, hana taabu," alisema Mwanaisha. "Nazidisha maji ili uteleze. Koo lake dhaifu."

"Bibi, naomba uangalie dari, halafu unywe funda moja la maji."

"Mimi kuku, nesi?"

Fauzia alicheka. Mwanaisha akainua uso, akanywa, akapaliwa. Alikohoa mpaka mtandio ukamwanguka.

Gwantwa alimwokotea, akangoja atulie. "Wewe una nguvu ya kukohoa, bibi. Yeye hana. Uji mwepesi unakimbia, unafika kabla koo halijajifunga, unaingia kifuani."

Mwanaisha aliitazama chupa kwa muda. "Basi hizo nimonia ni mimi."

Gwantwa aliiweka chupa kando. Alikoroga uji mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko haudondoki. Akamkalisha Aziz wima, akamwekea khanga iliyokunjwa nyuma ya shingo, kidevu kikashuka kidogo. Fauzia alinyoosha mkono apokee kijiko. Gwantwa akampa Mwanaisha.

"Nusu kijiko. Ngoja koo lipande, lishuke. Kisha sikiliza."

Ilichukua dakika arobaini. Nje foleni ilinung'unika. Ndani hakuna aliyeharakishwa.

Mvua zilikuja zikaondoka, Aziz hakulazwa. Kila wiki walirudi kwenye mzani, naye akawa anaongezeka gramu chache chache. Siku moja Mwanaisha alifika peke yake na mjukuu, akazungumza kabla ya kuketi.

"Juzi nilisikia maji shingoni mwake. Bakuli lilikuwa nusu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaweka kijiko chini. Alilia, nikamwacha alie, mpaka pumzi ikaacha kutokota."

Gwantwa akavuta kiti, akaketi kutazama.

"Haya, bibi. Mlishe."