Shangazi Safu ya Mbele

Katika tamthilia yetu ya chuo, pale Kensington, huku ughaibuni, wanawake tuliigiza wanaume na wanaume wakavaa magauni. Ilikuwa kejeli ya Kiingereza ya zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, imejaa uzinzi na maneno ya chumbani. Mimi nilikuwa bwana mzee mwenye uchu. Nilijiambia tunafanya mapinduzi, ingawa moyoni nilitilia shaka.

Nilimwogopa shangazi tu. Naishi kwake Blacktown, na neno lake moja kwa baba kule Tanga lingetosha kunisimamisha masomo. Sikumwalika. Aliona tangazo kwenye simu yangu, akaja moja kwa moja kutoka kazini Westmead, akakaa safu ya mbele.

Nilipomshika "mke" wangu kiunoni, ukumbi mzima ulicheka. Shangazi hakucheka.

Nilimfuata nje nikiwa bado na masharubu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kakufundisha kushika kiuno vile? Utadhani unapima kabati."

"Hujakasirika?"

"Kwa lipi? Kwenye unyago mimi ndiye niliyekuwa nacheza mume. Kanzu ya babu yako, masharubu ya masizi. Mwari anacheka mpaka anakaa chini."

"Na baba?"

"Ya unyagoni wanaume hawaambiwi."

"Lakini mle ndani wanaume walikuwepo."

"Wapi? Mimi niliona magauni."

Kwenye stesheni alinipa mkoba wake nimshikie, kisha akaunyakua tena uwe "mke", akanionyesha mwendo wa mzee mwenye tamaa tangu ngazini hadi mwisho wa jukwaa la treni. Kesho yake ukumbini niliigiza vilevile alivyonionyesha.