Filamu ya Ngoma ya Ndani

Niliipaka filamu mafuta ya nazi. Anayejua mambo ya filamu na anifungie kitabu hapa hapa, sitamlaumu. Lakini kwetu Msambweni mafuta ya nazi hupakwa kila kilichokauka: nywele, visigino, bawaba za mlango, mtoto mchanga. Na filamu ilikuwa imekauka, imejikunja kama ganda la kitunguu, na ilinuka siki. Nikachovya pamba kwenye kopo, nikaipangusa polepole kwa mapenzi yote, kisha nikaianika uani kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na fulana yangu. Kufika adhuhuri sisimizi walikuwa wameshapata habari. Walipanda kwa safu moja, kwa adabu, kama watu wanaokwenda kuhani msiba.

Mama alitoka jikoni akasimama.

"Umempaka mama yangu mafuta?"

"Alikuwa amekauka, mama."

Hakucheka. Alizitoa pini za nguo moja moja, akapuliza sisimizi, akaiviringisha filamu yake na kuirudisha ndani ya mkebe wa biskuti. Namshukuru Mungu nilikuwa nimepaka urefu wa upande mmoja wa ua tu. Mafuta yalikuwa yameisha.

Inafaa nieleze kwa nini mkebe ule wa biskuti ulikuwa na heshima kuliko mimi. Nilipokuwa na miaka minne, mdogo wake mama aliolewa. Mwalimu mmoja wa Kizungu, mwanamke aliyekuwa rafiki wa familia, aliruhusiwa kuingia na kamera yake ndogo kwenye ngoma ya ndani, ile ya wanawake watupu, ambapo mabuibui hutundikwa misumarini, mitandio hufunguliwa, na watu wazima wanaoheshimika mtaani hucheza chakacha mpaka sakafu ikaomba msamaha. Baadaye mwalimu aliwaonyesha mara moja, ukutani kwake, kwa mashine yake. Alipoondoka nchini alimwachia mama ile filamu, na mashine akaenda nayo. Tangu hapo ilikaa sandukuni, hadi zile mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilipopita kwenye paa letu na kuingia hadi kwenye mkebe.

Ndani ya filamu ile alikuwamo nyanya, mama yake mama. Nyanya hakupenda kupigwa picha. Aliyoacha ni ile ya kitambulisho tu, nayo ilikuwa imefifia mpaka umebaki mtandio bila mtu. Siku mama alipoutoa mkebe sandukuni, mwaka wa tisini na tisa, aliniambia akiwa ameinama juu ya cherehani, bila kunitazama: "Nimeanza kuisahau sura ya mama yangu. Juzi nilijaribu kumkumbuka, nikamwona jirani."

Jirani mwenyewe ndiye aliyetuonyesha njia. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyehamia mtaani kwetu kwa sababu ya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani. Mwanamke wa maneno machache, yote makavu. Alisema hotelini kuna jamaa anayewapiga watalii video wakiogelea na samaki, na kwamba siku hizi anazitia kwenye kompyuta, zinatoka kwenye sidi. Alikuwa amemsikia akisema ana projekta ya kizamani aliyopewa na mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akihama.

"Leteni hiyo filamu," akasema. "Lakini huyu asiishike."

Huyu ndiye mimi.

Sasa, mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kushona makuti, na makuti hushonwa umekaa. Nilikuwa sijaoa bado, na si kwa kukosa kuambiwa. Makuti yangu yalikwenda Diani kuezeka mabaa ya hoteli, mimi nikabaki kwetu; Kona ya Musa, hapo njiani tu, kwangu ilikuwa ng'ambo. Kwa hiyo siku ile nilivaa viatu vya kufunga, ambavyo havikuwa vimevaliwa tangu mtihani wa kidato cha nne, na kufika hotelini nilikuwa nachechemea kama mtalii aliyekanyaga kifuu cha nazi.

Fundi video alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, mwenye kibanda chake nyuma ya bwawa la kuogelea.

"Habari yako, mama," akasema.

"Marahaba," mama akamjibu, kama aliyeamkiwa inavyopasa.

Tulikaribishwa vizuri. Fundi akaeleza: projekta itaimulika filamu kwenye karatasi nyeupe ukutani, kamera yake ya dijitali itaipiga ile picha, kisha kutoka kwenye kamera iingie kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta iingie kwenye sidi. Alipoufungua mkebe na kunusa, uso wake ukabadilika. Alisema filamu hii inaoza, itavumilia kupita kwenye mashine mara moja, wala haahidi mara ya pili. Kisha akafanya wanachofanya mafundi wote. Alivuta kipande, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha atazame.

Mama alimpiga kofi mkononi. Kofi la kweli, lililosikika bwawani.

"Usiangalie!"

"Mama, nisipoangalia nitafanyaje kazi?"

"Humu ndani wamo wanawake vichwa wazi. Mama yangu yumo. Mwanamume hawaangalii hawa."

Nilidhani alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla ya kufunga safari. Kumbe alidhani projekta ni kama mashine ya kusaga mahindi: unatia huku, inatoka kule, mwenye mashine anakaa nje anazungumza na watu. Akanigeukia.

"Na wewe ulipoipaka mafuta, uliangalia?"

"Niliangalia sisimizi, mama."

Fundi akatazama mafuta kwenye vidole vyake, akanitazama mimi, akaelewa mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Mama, si mniache tu," akabembeleza. "Hii ni dakika chache. Hata sitawaona, mimi naona kazi tu."

"Kila mwanamume husema hivyo," mama akasema, na kuanza kufunika mkebe. Alikuwa anafunga uso wa mama yake kwa mkono wake mwenyewe, na angeufunga kabisa, maana wale wanawake waliingia mle kwa amana, na wengine wamekwisha kufa, hawawezi kuulizwa kama wamebadili nia.

Jirani alikuwa mlangoni na kapu la taulo. "Kamera ni kubonyeza," akasema. "Mimi nitabonyeza."

"Na projekta?" fundi akauliza. "Ile si ya kubonyeza. Filamu lazima ipitishwe kwa njia yake, na ikikwama taa inaiunguza."

Mama akaweka mkebe chini. Akaisogelea projekta, akaizunguka mara moja kama mbuzi wa kununuliwa. Akagusa gurudumu la juu, gurudumu la chini, na kile kibano kinachoibana filamu mbele ya taa.

"Hiki si mguu wa cherehani?"

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka, akakiangalia.

Mama alikuwa ameshona kwa miaka thelathini. Alikuwa akitunga uzi huku akitusomea sisi makosa yetu, macho kwetu, vidole kwenye sindano. Fundi akampa filamu ya yule mzee Mzungu ajaribu, ya mbwa wawili wakikimbia ufukweni. Mara ya kwanza aliikosea. Mara ya pili mbwa walikimbia kinyumenyume. Mara ya tatu walikimbia sawa, mwanzo hadi mwisho, na mama akasema mbwa wale hawakulishwa vizuri.

Kisha mama na jirani walisafisha mafuta yangu kwa pamba na spiriti, wao wawili, mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa taulo za hoteli. Mimi na fundi tulikuwa nje, migongo ukutani. Watalii walipita wakatutazama. Fundi aliwapungia mkono, akarudi kuegesha sikio mlangoni.

"Tayari?" akapaza sauti.

"Tayari."

"Jirani, bonyeza ile nyekundu. Mama, washa!"

Projekta ikaanza kulia. Tiki-tiki-tiki-tiki.

"Inapepesa!" jirani akasema.

"Zungusha kile kirungu kidogo kushoto! Pole pole! Sasa?"

"Bado... Bado... Imetulia."

Fundi akafumba macho. Aliniambia kazi hii hajawahi kuifanya kwa masikio. Ndani ulisikika mlio tu. Mara mlio ukabadilika, ukawa mzito, kama cherehani inayopanda pindo la suruali ya jinzi. Fundi akaruka.

"Zima taa! Mama, zima ta—"

"Nimeshainua mguu!" mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti ile ile anayoniambia nitoe kinyesi cha kuku barazani. "Tulia."

Mama alisikia kabla ya fundi. Yeye alikuwa na kidole juu ya filamu muda wote, anaisikiliza kwa ngozi, kama anavyofanya uzi unapotaka kukatika. Kuna mahali ilikatika kweli. Fundi akapitisha utepe wa gundi chini ya mlango, akaanza kueleza jinsi ya kulinganisha mashimo ya pembeni. Hakumaliza. Projekta ilikuwa imeshaanza kulia tena.

Fundi akanigeukia, macho yamemtoka. "Huyu mama anatafuta kazi?"

Nilijisikia mrefu, ingawa nilichokuwa nimechangia mpaka hapo ni mafuta.

Ilibaki kompyuta. Hapo nayo palizuka mjadala, kwa kuwa kwenye kioo kulikuwa na kidirisha kidogo ambamo picha hucheza wakati wa kuingia. Fundi alikata karatasi, akaipima, akaibandika juu ya kidirisha kile kwa mikono yake mwenyewe. Mama akaikagua kingo, akaomba karatasi ya pili, nene zaidi. Kisha jirani akaketi kwenye kiti cha fundi mikono imekunjwa, fundi akafanya kazi amesimama, akiendesha vitufe tu. Ile mashine ilisaga kutwa nzima. Jirani alirudi kwenye taulo zake, akaja, akaenda, na kila akija alibonyeza karatasi kwa kidole kuhakikisha bado imeshika.

Jumapili iliyofuata wanawake walijaa kwa mama. Bibi harusi mwenyewe, mdogo wake mama, alisafiri kutoka Jego na wajukuu, mnene na mcheshi, akisema amekuja kuona kiuno chake. Fundi alituazima mashine ya sidi, televisheni ilikuwa ya jirani. Sisi wanaume tulitolewa nje, hata aliyebeba televisheni. Wenzangu walikwenda zao msikitini na dukani. Mimi sikwenda. Nilikaa kizingitini, nimeupa mlango mgongo, kwa heshima zote.

Walianza kwa kelele. Wakatajana majina, wakachekana nywele. Kisha kulikuwa na kicheko kikubwa mno, na bibi harusi akapaza sauti ili nisikie: "Huyu hapa mwenye makuti! Uchi wa mnyama, muhogo mkononi!" Nilikuwa na miaka minne, nilisamehewa kuwamo. Hakuna utetezi wa jambo kama hilo.

Halafu kimya kikaingia. Kimya kirefu, mpaka nikafikiri umeme umekatika.

"Ana mwanya," nikamsikia mama. "Jamani, mama alikuwa na mwanya. Nilikuwa nimeusahau mwanya wake. Rudisha."

Wakarudisha.

"Ananicheka. Mwoneni, ananicheka mimi! Rudisha."

Wakarudisha tena, na tena, na hapo vigelegele vikapaa, vikatoboa paa lile lile lililoingiza mvua. Miguu ikaanza kupiga sakafu. Walikuwa wanacheza naye. Wanawake wenye magoti mabovu, wenye sukari na presha, wanacheza chakacha na mtu aliyezikwa zaidi ya miaka ishirini, na mama yangu anaita "Haya mama! Haya mama!" kwa sauti ya msichana ambaye sikuwahi kukutana naye. Mlango ulitetemeka mgongoni mwangu. Nilijikuta nacheka peke yangu, machozi yananidondokea kwenye shati, nikiutazama ukuta wa choo cha jirani kana kwamba ndio sinema.

Mlango ukafunguliwa. Jirani akasimama juu yangu, jasho linamtiririka, leso ya mama imefungwa kiunoni mwake.

"Nyanya yako alikuwa mrembo kuliko nyinyi wote," akasema, "na wewe hutamwona. Sasa toka hapo mlangoni, unatuzibia hewa."