Si TB, Ni Jamaa Yake

Nilikuwa nimemaliza dawa za TB mara mbili na bado nakohoa. Kwetu Njoro nilikuwa na kikombe changu, sahani yangu, na chumba changu cha nyuma, karibu na zizi. Mume wangu alinisalimia kupitia dirisha kila asubuhi kabla ya kukamua, kama mtu anayeulizia njia. Mjukuu wetu mchanga alinijua kwa sauti tu.

Kwa hivyo daktari wa kifua mjini Nakuru alipofungua majibu ya makohozi yangu, nilijiandaa kwa mabaya.

"Mama, hii si TB," akasema. "Ni jamaa yake. Huyu anaishi kwenye maji na udongo, na zile dawa ulizomeza hazimshtui. Tutamwandama na nyingine, nyingi, kwa muda mrefu."

Mimi nilikuwa na swali moja tu. "Naambukiza watu?"

"Kwa kawaida huyu hatoki kwa mtu akaingia kwa mwingine. Kula na watu wako. Lala na mzee wako."

Kicheko kikanitoka, kikavuta kikohozi, kikohozi nacho kikavuta kicheko, hadi nesi akaniletea maji. Mzee alikuwa kwenye benchi nje, barakoa imepanda mpaka machoni. Nikaishusha, nikambusu mbele ya foleni nzima. Naye ni shemasi wa kanisa. Akatazama sakafu, kisha akauliza, "Kwani wamekupa dawa gani?"

Jioni hiyo mjukuu alikaa mapajani pangu akinivuta pua.

Dawa zenyewe hazikuwa za mchezo. Sindano ziliniwekea filimbi masikioni, ikabidi zibadilishwe. Vidonge fulani vikanifanya mweusi ti, na jirani akauliza kama siku hizi nashinda juani. "Ameiva," mzee akamjibu kwa fahari. Asubuhi nilizokataa kumeza, alikaa kando yangu akinisimulia umbea wa ng'ombe, nani kampiga nani teke, mpaka nikameza nikicheka.

Juzi majibu ya makohozi yalirudi safi tena, kama yanavyorudi kwa miezi kadhaa sasa. Daktari akasema dawa zitaendelea hata hivyo, hadi mwaka mzima utimie yakiwa safi. Nikamwambia sawa. Mimi na mzee tukala chipsi sahani moja, tukashika njia ya nyumbani. Penye mashamba ya ngano mzee akasimamisha pikapu, akasema tushindane mbio hadi kwenye lango la jirani. Nilikimbia viatu mkononi, pumzi ikishuka hadi chini kabisa ya kifua. Alinishinda kwa hatua chache, akaniringia hadi wakati wa kukamua.